Mitambaazi ya misitu ya mafuriko: Mnyonyaji au mpangaji?

MTU aliyekulia mwambao wa Afrika Mashariki hahitaji kufundishwa mbungo ni nini. Juisi yake ameinywa tangu utotoni, na kama aliwahi kuingia porini kuchuma mabungo, atakumbuka kwamba mmea huo hauna shina la kusimama peke yake. Huegemea mti mwingine, hujizungusha kwenye matawi yake na kupanda mpaka juu kabisa penye jua, ilhali shina lake ni gumu kama la mti wowote wa kuni. Mimea ya namna hiyo, yenye mwili wa mti na tabia ya kamba, wataalamu huiita liana. Katika makala haya tutaiita mitambaazi.

Makao makuu ya mitambaazi ni misitu ya joto na mvua nyingi. Katika baadhi ya misitu ya tropiki, karibu robo ya aina zote za mimea yenye shina gumu ni mitambaazi. Kadiri mtu anavyokwenda mbali na tropiki, kwenye nchi zenye majira manne na baridi ya kugandisha maji, ndivyo inavyopungua, hata msitu mkubwa wa Ulaya ukawa na aina chache tu za kuhesabu kwa vidole.

Lakini kuna mahali ambapo kanuni hiyo hulegea. Ni katika misitu ya nyanda za mafuriko, yaani ile iliyoko kwenye ardhi tambarare kandokando ya mito mikubwa, ambayo mto ukijaa huifunika kwa maji kwa siku au wiki kadhaa, kisha hurudi kwenye mkondo wake na kuacha tope jipya. Humo mitambaazi hushamiri kiasi cha kumfanya mgeni adhani amepotea njia akatokea Kongo. Swali lililowagawa wenye misitu kwa vizazi vingi ni kama mimea hiyo ni mnyonyaji anayemaliza miti, au ni mpangaji tu, tena anayelipa kodi. Jibu linategemea zaidi mto kuliko mtambaazi wenyewe, na hakuna mmea unaolithibitisha hilo kuliko mzabibu.

Msitu wa Congaree

Tuanzie Marekani, katika jimbo la South Carolina, kwa sababu huko umebaki msitu ambao bado mtu anaweza kuona mambo yalivyokuwa kabla ya shoka na matuta. Hifadhi ya Taifa ya Congaree ina zaidi ya hekta 10,000, na ndani yake mna eneo kubwa kuliko yote yaliyosalia ya msitu wa kale wa bondeni kusini-mashariki mwa nchi hiyo. Mto Congaree hufurika humo mara kumi hivi kwa mwaka kwa wastani. Kampuni za mbao zilikwisha kuingia mwishoni mwa karne ya 19, zikakata miti ya sipresi karibu na maji, zikashindwa na matope. Katika miaka ya 1950 mwandishi wa gazeti la huko, Harry Hampton, alianza kampeni ya kuuokoa msitu huo. Bunge la Marekani liliulinda kisheria mwaka 1976, na mwaka 2003 ukapewa hadhi ya hifadhi ya taifa.

Miti ya Congaree ni mirefu mno. Misonobari yake mingine hupita mita 50. Juu ya miti hiyo imepanda mizabibu ya porini ya aina kadhaa, mitambaazi yenye maua mekundu ya mfano wa tarumbeta, mingine yenye miiba, na mmoja wenye sumu ambao tutaurudia. Kuna mashina ya mizabibu yenye unene wa paja la mtu mzima.

Jambo linalowashangaza wageni wengi ni jinsi mizabibu hiyo inavyoning'inia. Shina hutoka ardhini mita moja au mbili mbali na mti, likapaa moja kwa moja hewani kama kamba ya kengele, bila kugusa chochote, mpaka matawi ya kwanza ya mti yaliyo mita 20 juu. Lilifikaje huko? Mzabibu haukwei shina nene. Hupanda kwa vikono, vile vinyuzi vyembamba vinavyojikunja kama waya wa simu ya zamani, na kikono hakiwezi kukumbatia kitu kinene kuliko fimbo. Kwa hiyo hakuna namna ambayo mzabibu ungeweza kuupanda mti huo mkubwa kama ulivyo leo.

Jibu ni kwamba haukuupanda ulivyo leo. Mti na mzabibu viliota pamoja, pengine katika uwazi uliofunguliwa na mti mwingine ulioanguka. Mzabibu ulishika vijitawi vya mti mchanga ungali mfupi, na kila mwaka mti ulipoongezeka kimo uliubeba mzabibu nao. Matawi ya chini yaliyokuwa ngazi yake yakakauka na kudondoka zamani. Kinachoonekana leo, ile kamba inayoning'inia patupu, ni kumbukumbu ya ngazi isiyokuwapo tena. Mzabibu na mti wake ni rika moja, na kama msitu haufungui nyazi mpya, mizabibu iliyopo huzeeka na miti yake bila kuacha warithi.

Si mitambaazi yote ifanyayo hivyo. Charles Darwin, ambaye mwaka 1865 alichapisha utafiti mrefu juu ya mimea ipandayo, aliigawa kwa kadiri ya mbinu zake, na mgawanyo wake unatumika mpaka sasa kwa mabadiliko machache. Ipo inayojisokota yenyewe. Ipo inayoshika kwa vikono. Mingine hutoa vijizizi vidogo kwenye shina na kujibandika katika gome, na hiyo ndiyo iwezayo kuukwea mti mnene wakati wowote. Klematisi, inayopatikana sana Ulaya, hutumia vikonyo vya majani yake kama ndoano.

Kwa nini penye mafuriko?

Mtambaazi ni mmea uliokataa gharama ya kujenga nguzo. Mti hutumia sehemu kubwa ya chakula chake kunenepesha shina ili lisivunjike, lakini mtambaazi hutumia chakula hicho kurefuka na kuotesha majani. Matokeo yake, shina jembamba hulazimika kupeleka maji mengi kwenye majani mengi, na njia pekee ni kuwa na mirija mipana ndani yake. Ukikata kipande cha mzabibu mkavu na kukitazama dhidi ya mwanga, matundu yake huonekana kwa macho bila kioo cha kukuzia.

Mirija mipana ni neema katika joto na balaa katika baridi. Maji yakiganda ndani yake, hewa iliyomo hujitenga na kufanya viputo. Barafu ikiyeyuka, viputo hivyo hukata mfululizo wa maji, na mrija unakuwa kama bomba lililoingia hewa. Hii ndiyo sababu kubwa ya uhaba wa mitambaazi katika nchi za baridi. Mzabibu umepata ufumbuzi wake: majira ya kuchipua yanapokaribia, mizizi husukuma maji kutoka chini kwa nguvu na kuvifukuza viputo. Ukiukata shina wakati huo hutiririsha maji siku kadhaa, na wakulima wa Ufaransa husema mzabibu unalia. Lakini ili mizizi isukume, lazima udongo uwe na unyevu wa kutosha, nao haukosekani katika uwanda wa mto.

Mafuriko huleta mengine pia. Huleta mashapo yenye rutuba kila mwaka bila mbolea ya dukani. Hulainisha ardhi, na kwa kuwa mizizi ya miti ya bondeni haiendi chini sana, upepo huiangusha miti kwa urahisi na kufungua nyazi. Mto nao huhama, ukila ukingo mmoja na kujenga mwingine, na kila ukingo mpya ni shamba lenye jua.

Usiku wa kuamkia Septemba 22, 1989, kimbunga Hugo kilipita South Carolina na kuangusha miti mingi ya Congaree. Watafiti waliofuatilia hali ya mitambaazi ya msitu huo kwa miaka iliyofuata walikuwa na fursa adimu ya kuona inavyolikabili janga. Mti ukivunjika, mara nyingi habari yake imekwisha. Mtambaazi hupindika kama kamba, huanguka na mwenyeji wake ukiwa mzima, na pale shina linapogusa tope huweza kutoa mizizi na machipukizi mapya. Mpangaji huyu nyumba ikimwangukia hutoka kifusini akatafuta nyingine.

Kodi ya nyumba

Hasara iletwayo na mitambaazi si ya kubuni. Majani yake huufunika mti na kuunyima mwanga. Uzito wake huvunja matawi, hasa theluji na barafu vikiongezeka juu yake. Huifunga miti kileleni, mmoja ukianguka ukavuta na jirani. Chini ya ardhi hugombania maji na madini. Kwa mwenye shamba la mbao hiyo ni fedha inayopotea, na ndiyo maana maofisa misitu wa zamani walifundishwa kumkata mtambaazi kila wanapomwona.

Hata hivyo, shutuma moja ni ya uongo, nayo ndiyo isemwayo zaidi. Wengi huamini kwamba hedera, mtambaazi wa Ulaya usiopukutisha majani hata wakati wa theluji, hunyonya maji ya mti kwa vijizizi vyake kama kimelea. Hainyonyi. Vijizizi hivyo ni vya kushikia tu. Chakula na maji yake hutoka ardhini kwa mizizi yake yenyewe. Mti unaoonekana kufa huku umefunikwa na hedera mara nyingi ulikuwa tayari mgonjwa, majani yake yakapungua, mwanga ukaingia, na hedera ikapata nafasi.

Kwa upande wa kodi, hedera hulipa wakati ambao hakuna mwingine alipaye. Huchanua kati ya Septemba na Novemba, mimea mingine ikiwa imefunga kazi, na nyuki, nyigu na vipepeo huijia kwa wingi kwa ajili ya karamu ya mwisho ya mwaka. Yupo nyuki wa porini ambaye maisha yake yote yamepangwa kufuata maua hayo. Wanasayansi walimtambua kuwa aina ya pekee mwaka 1993 tu. Matunda ya hedera nayo huiva mwishoni mwa majira ya baridi, ndege wanapokuwa wamemaliza kila kitu.

Huko Congaree, zabibu mwitu huliwa na dubu, rakuni na ndege. Magome yake yanayochanika kama nyuzi za makumbi ni zana ya kujengea viota. Maua mekundu ya tarumbeta hulisha ndege wadogo sana wanyonya asali, ambao huishi maisha yafananayo na ya chozi wetu ingawa si wa ukoo mmoja. Kulungu hutafuna majani ya mitambaazi isiyopukutika wakati wa baridi. Yuko pia ndege mdogo wa kahawia, aliyepewa jina la mtaalamu wa Kiingereza William Swainson, ambaye hutaga mayai yake katika vichaka vilivyosokotana vya misitu ya aina hii na kisha kwenda kuishi visiwa vya Karibi baridi ikianza. Kuwasafishia msitu mitambaazi ndege wa namna hiyo ni sawa na kuwabomolea nyumba kwa jina la usafi.

Mtambaazi wa sumu tulioutaja awali ni mfano mwingine. Mafuta yaliyo katika majani na shina lake humwasha mtu na kumtoa malengelenge; msomaji akumbuke upupu, kisha aongeze siku nyingi za kuteseka. Ndege lakini hula matunda yake bila kudhurika, nao ndio wanaoueneza. Mwaka 2006 watafiti wakiongozwa na Jacqueline Mohan walichapisha matokeo ya jaribio la miaka sita katika msitu wa North Carolina, ambamo hewa ukaa iliongezwa hadi kiwango kinachotarajiwa katika karne hii. Mtambaazi huo uliongeza ukuaji kwa asilimia 149, kiasi ambacho miti haikukikaribia, na sumu yake ikawa kali zaidi. Msitu ule haukuwa wa mafuriko, lakini mmea ni huohuo, na habari hiyo iliwafanya wataalamu waanze kuuliza kama mizani kati ya mti na mtambaazi haijaanza kuelemea upande mmoja.

Kwamba mizani hiyo inaweza kupinduka kabisa, New Zealand wanajua. Klematisi ya Ulaya, ambayo kwao ni mpangaji kama wengine, ilipelekwa huko kama ua la bustani, ikatoroka na kuifunika misitu ya kando ya mito mpaka miti ikaanguka kwa kukosa mwanga. Wakazi wa kando ya Ziwa Victoria, walioliona gugumaji likifunga mialo yao, wataielewa hadithi hiyo bila mkalimani.

Mzabibu wa Rhine

Turudi sasa Ulaya, kwenye nyanda za juu za mto Rhine, mpakani mwa Ufaransa na Ujerumani, kwa kuwa huko mizani imepinduka kwa namna nyingine, na aliyeumia ni mtambaazi.

Mwaka 1805 Carl Christian Gmelin, mtaalamu wa mimea wa mji wa Karlsruhe, aliupa jina la kisayansi mzabibu wa porini aliouona ukipanda miti ya mwambao wa Rhine. Huo ndio mzabibu mwitu wa Ulaya, nasaba ya porini ya zabibu zote zinazotoa mvinyo maarufu duniani. Utafiti mkubwa wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2023 katika jarida la Science, uliochunguza zaidi ya mimea 3,000, ulionyesha kwamba binadamu alianza kuufuga mzabibu mwitu miaka 11,000 hivi iliyopita, katika Asia ya Magharibi na Kaukazi. Tofauti moja muhimu kati ya mwitu na wa shambani ni ya jinsia. Wa shambani huwa na ua lenye dume na jike pamoja na hujichavusha. Wa mwitu hutengana: mmea huu ni dume, ule ni jike, na jike asipokuwa na dume karibu hazai.

Miaka 12 baada ya Gmelin kuandika, mhandisi Johann Gottfried Tulla alianza kuunyoosha mto. Rhine ya wakati huo ilipinda kama nyoka, ikagawanyika katika mikono mingi, na vijiji vilihamahama kukimbia maji na malaria. Kazi hiyo ilianza mwaka 1817 na kumalizika mwaka 1876, miaka mingi baada ya yeye kufariki. Kati ya Basel na Worms mto ulifupishwa kwa kilometa 81. Katika karne ya 20 yakaongezwa mabwawa 10 ya umeme na meli, la kwanza likiwa la Kembs mwaka 1932 na la mwisho la Iffezheim mwaka 1977. Si haki kumlaumu Tulla. Watu walipata ardhi kavu na afya. Lakini sehemu kubwa ya msitu ikabaki nyuma ya matuta, pasipo maji kuifikia, na ule mchezo wa kufungua nyazi na kuleta tope jipya ukakoma. Mizabibu michanga ikakosa pa kuotea. Hedera, ambayo haivumilii kukaa majini kwa muda mrefu, ikapata sakafu ya msitu bila mpinzani.

Kisha likaja pigo la pili. Katika miaka ya 1860 mdudu mdogo wa jamaa ya vidukari, filoksera, aliingia Ufaransa kutoka Amerika Kaskazini pamoja na miche ya mizabibu. Hufyonza mizizi mpaka ikaoza. Mwaka 1868 Jules Émile Planchon na wenzake walimkuta kwenye mizizi ya mashamba yaliyokuwa yakifa kusini mwa nchi hiyo, na katika miongo michache iliyofuata akaharibu mashamba mengi ya Ulaya. Kutoka bara hilohilo yalifika pia magonjwa ya ubwiri unga na ubwiri vinyoya.

Mkulima mmoja wa kusini mwa Ufaransa, Louis Faucon, aligundua kwamba akilifunika shamba kwa maji wakati wa baridi kwa siku 40 hivi, mdudu hufa kwa kukosa hewa huku mzabibu ukinusurika. Bahati mbaya mashamba mengi yako vilimani na hayafurikiki. Lakini ugunduzi wake unaeleza kitu kuhusu msitu: mzabibu mwitu uliokuwa ukifurikiwa na mto kila mwaka ulikuwa ukipata dawa hiyohiyo bure. Wataalamu huamini kwamba ndiyo sababu moja ya kusalia kwake kwenye kingo za mito pekee. Tuta lililoyafungia maji nje liliifungia na dawa.

Mashamba yaliokolewa kwa njia nyingine, na hapa hadithi inapata kejeli yake. Mizabibu ya Amerika, iliyoishi na filoksera tangu asili, haiumwi naye sana. Wafaransa wakaanza kubebesha mizabibu yao juu ya mashina ya Kimarekani, kama wakulima wa Muheza wanavyobebesha mchungwa juu ya mlimao. Mojawapo ya mashina yaliyotumika zaidi ni la mzabibu uitwao riparia, jina litokanalo na neno la Kilatini la ukingo wa mto. Ndiyo, ni mtambaazi wa misitu ya mafuriko ya Amerika Kaskazini. Haupendi udongo wenye chokaa, kwa hiyo ulichanganywa na aina nyingine kwa ushauri wa watu kama T. V. Munson wa Texas, ambaye Ufaransa ilimtunuku nishani mwaka 1888. Hata leo, mashamba mengi ya mvinyo duniani yamesimama juu ya mizizi ya riparia au machotara yake.

Mashamba mengine hutelekezwa, na mbegu na vipande vya mashina havikai palipotupwa. Mwaka 2007 watafiti Nils Arrigo na Claire Arnold walichapisha ushahidi kwamba mizabibu ya Kimarekani iliyotoroka mashambani imekwisha kujijenga katika mazingira ya asili ya Ulaya, zikiwamo kingo za mito. Haishangazi: imerudi katika aina ya msitu iliyotoka. Humo hugombania mwanga na mzabibu mwitu wa wenyeji, na huweza kuzaa nao machotara. Mwokozi wa shamba amekuwa mvamizi wa msitu.

Kuurudisha mto

Upande wa Ujerumani, kisiwa cha Ketsch karibu na Mannheim ndicho mahali panapojulikana zaidi palipobaki mizabibu mwitu ya Rhine. Bustani ya mimea ya chuo cha teknolojia cha Karlsruhe imekusanya vipandikizi vya mizabibu hiyo na kuvitunza, na miche imerudishwa msituni. Katika mto Danube, Hifadhi ya Taifa ya Donau-Auen iliyoanzishwa mwaka 1996 karibu na Vienna nayo ina mizabibu mwitu yake.

Sababu si mapenzi ya mambo ya kale tu. Watafiti wa Karlsruhe waliopima mizabibu ya Ketsch waliona kwamba baadhi yake huzalisha kwa wingi kemikali ziitwazo stilbene, ambazo ni silaha ya mmea dhidi ya ubwiri vinyoya. Ugonjwa huo ndio unaowalazimisha wakulima wa Ulaya kupulizia dawa mara nyingi kila msimu. Yaani sehemu ya tiba ya shamba inaweza kuwa imening'inia kwenye mwaloni uliozeeka, juu ya mmea ambao kwa karne nzima maofisa misitu walikuwa wakiukata kwa panga.

Kupanda peke yake hakutoshi. Ili mzabibu ufike kileleni lazima uanze na mti mchanga penye uwazi, lazima dume na jike wawe jirani, na lazima maji yaje. Jimbo la Baden-Württemberg linaendelea na mpango wa maeneo 13 ya kupokea mafuriko kando ya Rhine. Lengo lake la kwanza ni kuinusuru miji ya chini, si mizabibu, lakini maji yaleyale hupitishwa msituni kwa vipindi ili miti na wanyama wazoee tena kufurikiwa. Mpango huo haukosi wapinzani. Wapo wakazi wanaolalamikia mbu, njia za matembezi kufungwa, na maji kuingia vyumba vya chini vya nyumba zao, na malalamiko hayo si ya kudharauliwa; babu zao walijengewa matuta kwa sababu hizohizo.

Na maji hayachagui. Tope linalomfaa mzabibu mwitu linamfaa pia riparia aliyetoroka shambani. Majani ya aina hizi mbili yana tofauti zake, meno makali zaidi kwa moja na vinyweleo zaidi chini ya jani kwa nyingine, ila machotara huchanganya alama zote mbili, na mtu asiyezoea hawezi kuamua kwa macho. Anayetaka kung'oa mvamizi na kumwacha mwenyeji hulazimika kwanza kuchuma jani, kulipeleka maabara na kusubiri majibu ya vinasaba kabla hajarudi msituni na mkasi wake.